Herufi za Upande wa Ndani

Wateja walimwita Profesa, na jina hilo hakupewa na chuo chochote. Alipewa kwa ajili ya mdomo. Ukikaa kwenye kiti chake akakufunga taulo shingoni, kabla mashine haijafika kisogoni umeshaelezwa kwa nini timu yako inafungwa, kwa nini sukari haishikiki, namna ya kumkanda mtu mwenye mgongo mbovu na namna ya kumrudi mtoto bila kiboko. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Kinyozi mzuri alikuwa, hilo lazima nimpe. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wembe wake haukumtoa mtu damu. Ila kama angejaliwa masikio kama alivyojaliwa ulimi, mimi hapa nisingekuwa na la kusimulia.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Kulikuwa na kiti cha kunyolea, benchi la wanaosubiri, redio juu ya rafu katikati ya makopo ya poda, na upande wa barabarani dirisha kubwa la kioo. Kwenye dirisha hilo alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, amesimama nje na brashi mkononi: KINYOZI BORA, na chini yake, NYWELE, NDEVU, WATOTO. Rangi ilimchuruzika kidogo kwenye Z, ikaota kamkia. Aliijivunia kazi hiyo kwelikweli. Wapita njia waliisoma bila shida. Aliyekuwa ndani aliyaona maandishi hayohayo kwa nyuma, yameanzia kulia kwenda kushoto, K imewapa watu mgongo na N imelala upande usio wake. Hakuna aliyejali, maana nani anaingia kwa kinyozi kusoma dirisha?

Aliyelisoma alikuwa binti yake.

Mke wa Profesa alifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya mchana, akirudi mtoto ameshalala. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo kabisa binti yao alishinda saluni, kwenye kona ya benchi, macho yake na dirisha. Baba yake alimwita mama, kwa kuwa mtoto alirithi jina la mama mzazi wa Profesa. Wateja walimwita Kifutio. Hilo lilikuja alipoanza darasa la kwanza kwenye shule ya masista: akiandika anafuta, anaandika tena, anafuta tena, mpaka karatasi inatoboka na vumbi la raba limemjaa kwenye sketi ya shule. "Kifutio, utaifuta na hii saluni," walimtania, na baba yake alicheka pamoja nao.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake, na sista wa darasa la kwanza hakuwa mtu wa kuuchezea. Mwanzoni mwa mwaka aliwakalisha wazazi kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, akawaeleza. Kazi ya nyumbani ya mtoto wa miaka sita ni fupi, alisema, hata chai haipoi. Lakini si ya mtoto peke yake. Meza isafishwe, redio izimwe, mtoto asome kwa sauti akifuata kwa kidole, aandike mstari wake, na muda wote huo mtu mzima akae ubavuni mwake. Si kusimama mlangoni, si kuuliza kutoka jikoni. Akae. Wakimaliza wafanye ishara ya msalaba, mtoto akacheze. Na kila asubuhi baada ya sala sista alipita dawati kwa dawati akiuliza, "Jana nani alikaa nawe?" Watoto wakajibu: mama, bibi, shangazi, kaka.

Siku za kwanza Kifutio alijibu kwamba hakuna, na sista akamtuma amwambie baba yake. Profesa alikuwa anachonga ndevu za mteja. Akasema, kwani yeye hayupo? Si wako chumba kimoja mchana kutwa?

"Mwambie sista, baba anakaa na mimi. Si unakaa kwa baba yako? Basi."

Mteja alicheka mpaka ikabidi wembe uondoke shavuni kwanza. Na Kiswahili kilimbeba, maana kukaa ni kukaa: mtu anakaa kwenye kiti, anakaa mjini, anakaa na wanawe. Tangu siku hiyo mtoto akawa anajibu, "Baba." Haukuwa uongo, wala haukuwa ukweli. Lakini kazi ya kinyozi ni ya miguu. Kutoka kufungua mpaka kufunga, Profesa hakuwahi kukaa na mtu yeyote.

Kwenye herufi nako alikuwa na njia yake ya mkato. Mtoto alipouliza K inaandikwaje, alinyoosha kitana kuelekea dirishani. "Hizo hapo, mama. Ukizimaliza hizo umeiva." Mtoto akatazama, akanakili. Kuna siku alimvuta aproni akamwambia kuwa K ya sista inatazama upande mwingine. Mashine ilikuwa inanguruma na benchi zima linabishana kuhusu mwamuzi. Profesa hakugeuza hata shingo. Alimwambia afuate zile za dirishani, kwani zile zimeandikwa na baba yake.

Mtoto akafuata. Na herufi ambazo hazikuwepo dirishani alizigeuza nazo, zilingane na wenzake, na kila neno akalianzia kulia. Shuleni sista alisahihisha. Saluni mtoto aliinua macho, akaona ilivyo, akafuta alichosahihishiwa. Kila siku hivyohivyo. Mtoto wa miaka sita alikuwa amewekwa katikati ya sista na baba yake, akamchagua baba yake. Mama yake aliwahi kulifungua lile daftari akauliza mbona maandishi yamekaa kinyume. Profesa alimjibu kuwa watoto wote huanza hivyo, ubongo wa mtoto hukomaa kuanzia kulia. Hiyo aliitunga palepale, mswaki ukiwa mdomoni.

Ndipo sista akamwita.

Alikwenda asubuhi, kabla ya kufungua, amevaa shati la Jumapili. Darasa lilikuwa tupu, msalaba ukutani, chati ya irabu chini yake. Sista alimfungulia daftari akamwomba atazame kwanza. Profesa aliinama kusoma, na kabla hajasoma alijua. Ukurasa mzima wa K zilizompa mgongo. Mstari mzima wa Z, na kila Z ina kamkia kadogo pale chini, kalekale ka rangi iliyochuruzika. Mtoto alikuwa amenakili mpaka kosa la brashi, kwa uaminifu wote.

Sentensi moja tu ingetosha. Sista, hili ni dirisha langu, mtoto analisoma akiwa ndani. Wangecheka wote wawili, na siku hiyohiyo mambo yangeanza kunyooka. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mkia: sista angeuliza, na wewe hukuona? Mwezi baada ya mwezi, hukuona?  Na sista alipomuuliza, kwa upole kabisa, nyumbani huwa wanafanyaje, ule ulimi uliokuwa haujawahi kumwangusha ukatangulia mbele yake. Akasema wanasafisha meza. Redio, alisema, yeye mwenyewe ndiye anayeizima. Anakaa upande wa kushoto ili asimzibe mtoto mwanga. Mtoto anasoma kwa kidole, akikwama hamtajii jibu, anamwacha ajaribu kwanza. Hiyo ya kutotaja jibu aliisikia kwa mwalimu mmoja mstaafu siku anamnyoa. Wanamaliza kwa ishara ya msalaba.

Uso wa sista ulilegea. Alikiri kwamba alimwazia vibaya. Alidhani mtoto ameachwa ajisomee peke yake. Halafu akafunga daftari.

"Basi mzazi, kama yote hayo unayafanya, tatizo si mafundisho. Tatizo liko kwa mtoto."

Akaeleza alichoamua na mwalimu mkuu. Baada ya mkutano wa wazazi, Jumatatu yake, Kifutio angerudishwa chekechea, akakae na watoto wa miaka minne mpaka akili yake ikomae, na wazazi wampeleke kwa mtaalamu akachunguzwe kichwa. Alisema haya akisikitika. Na akaongeza ombi: kwenye huo mkutano, Profesa asimame awaeleze wenzake anavyokaa na mwanawe, kwa sababu wazazi wengi hata hawajaribu.

Profesa akasema hakuna shida.

Alipotoka getini aliona aibu ambayo hakuwa na pa kuiweka. Ingekuwa aibu ya kusemwa angeijibu. Majibu ndiyo kazi yake. Hii ilikuwa ya kusifiwa. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka huku binti yake anaitwa mgonjwa wa kichwa, na yeye ndiye aliyekishika kilemba kisianguke.

Akajiambia atalimaliza mwenyewe kimyakimya, kabla ya mkutano, na hakuna atakayejua. Mchana ule alimwambia mtoto kuanzia leo aandike kama sista. Mtoto akauliza, na zile za baba? Akasema achana nazo. Ni mbaya? Hapana, ni nzuri. Sasa kwa nini aziache? Jibu lilikuwa neno moja, nilikosea, na neno hilo lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake. Akasimama juu ya mtoto, mashine mkononi, mteja kitini nyuma yake, nusu kichwa kimenyolewa, akimwamrisha geuza, geuza, si hivyo. Mtoto aliandika, akamtazama, akafuta. Kufika jioni alikuwa hajui tena K inatazama wapi. Jumapili kanisani, wakati wa komunyo, Profesa alibaki kwenye benchi. Mkewe alimuuliza kulikoni. Akasema tumbo.

Siku ya mkutano, Jumamosi, ukumbi ulijaa. Mkewe alikuwa kazini. Mtoto alikaa mstari wa mbele, amevaa sare yake, mikono mapajani. Sista alimtambulisha Profesa kama mzazi wa mfano. Niseme ukweli, aliongea vizuri. Aliwachekesha kwa baba anayemsaidia mtoto huku macho yakiwa kwenye mpira. Akawaonyesha kwa vidole jinsi ya kushika mkono wa mtoto bila kuubana. "Mimi mtoto wangu nakaa naye," alisema, "na nikishakaa, mteja hata aje na kichwa kinachowaka moto, atasubiri." Wakampigia makofi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wake wa siku nyingi, alipiga makofi kuliko wote, ingawa yeye hasa ndiye aliyekuwa kitini siku ile ya "kukaa ni kukaa". Labda alikuwa amesahau. Au pengine alifikiri Profesa amebadilika.

Baba na mtoto wakatoka nje, uani. Mtoto alimshika mkono, wakatembea mpaka karibu na bomba la maji, kisha akasimama.

"Baba, una mtoto mwingine?"

Profesa akamuuliza mtoto gani tena.

"Yule uliyesema unakaa naye mezani."

Hakumuuliza kwa kumsuta. Angekuwa anamsuta, ingekuwa nafuu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na usoni kulikuwa na kawivu kidogo kwa yule mtoto mwenye bahati.  Masikio yalimwaka Profesa. Alitamani yale makofi yarudi kwa walioyapiga, kila kofi kwa mwenyewe. Akamgeuza mtoto, wakarudi ukumbini.

Sista alikuwa anapanga viti pamoja na wazazi wawili watatu, mwenye duka la vifaa akiwemo. Profesa hakusubiri watoke. Angesubiri, asingesema.

"Sista, mtoto huyu hana tatizo la kichwa. Sijawahi kukaa naye hata siku moja. Herufi amezisoma dirishani kwangu, kwa ndani, na mimi ndiye niliyemwambia azifuate."

Mwenye duka aliweka kiti chini taratibu, kama kinaweza kupiga kelele.  Sista akauliza Profesa alilijua hili tangu lini. Profesa alitazama sakafu, akasema tangu siku ile alipoonyeshwa daftari. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana kutojua watu husamehe, lakini yeye alijua, akaacha mtoto abebe. Alingoja afokewe. Hata angezabwa kibao asingeuinua mkono. Sista hakufoka.

"Usiniambie mimi," alisema. "Si mimi niliyekuwa nikifuta. Mwambie yeye."

Profesa akachuchumaa, shati la Jumapili na yote. Akamwambia binti yake kwamba herufi za sista ndizo. Zile za dirishani zimeandikwa kwa ajili ya watu wa barabarani, na yeye alimweka ndani azisome kwa nyuma, halafu hakutazama. "Nilikosea, mama," alisema, mbele ya mteja wake na wazazi wengine. Mtoto alimtazama, akatazama mkono wake mwenyewe wa kulia, huku na huku, kama kitu kilichorudishwa baada ya kuazimwa.  Sista akasema chekechea isubiri kwanza. Jumatatu mtoto alete mstari mmoja alioandika nyumbani, ndipo ataamua.

Niwatoe wasiwasi, hakurudishwa chekechea. Ilimchukua muda, na B ilimsumbua karibu mwaka mzima, lakini alibaki darasani na wenzake. Mkewe Profesa alipoambiwa hakupiga kelele. Alimuuliza tu, hata ile ya ubongo kuanzia kulia? Akasema hata hiyo. Mkewe alikwenda kulala bila kumwambia usiku mwema, na kwa siku kadhaa Profesa alijimiminia chai yake mwenyewe. Na mwenye duka la vifaa, kama mnavyowajua watu, alihakikisha mtaa mzima umepata habari. Haya yote Profesa aliyavumilia. Lakini mkinitaka niwaambie aibu ilimchoma wapi hasa, si ukumbini wala mtaani. Ni saluni, Jumamosi hiyohiyo, wakitokea shuleni.

Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Walipofungua tu, benchi lilijaa na mlangoni wakasimama wengine. Profesa aliizima redio, akawaomba wawili wasogee, akakaa kwenye benchi ubavuni mwa binti yake, upande wa kushoto. Wakamuuliza leo kuna nini. Akasema anakaa na mtoto. Walicheka, wakidhani ni ile ya siku zote, kisha wakaona hainuki.

Mtoto alifungua daftari. Penseli ilikwenda kulia kama ilivyozoea, ikasita. Profesa aliushika ule mkono mdogo, hakuubana, akausogeza mpaka pembeni kushoto, akauachia. Alijua kuushika, alikuwa amewafundisha watu ukumbi mzima. K ya kwanza ilitoka imepinda, lakini ilitazama inakotakiwa kutazama. Hakuifuta. Aliandika ya pili, na ya tatu. Profesa aliuona ulimi wa mtoto umetoka pembeni ya mdomo, akaona kovu dogo kwenye kidole cha shahada, ambalo hakujua limetoka wapi. Akimnyoa mtu yeyote, angeweza kukwambia ana makovu mangapi kichwani.

Ila mtoto alikuwa anaandika polepole mno. Alimaliza herufi moja, akainyanyua penseli, akaichunguza ncha, akaishusha. Mwanzoni Profesa alidhani ni woga. Baadaye aliona anavyomtazama yeye kwa pembe ya jicho kila mara mteja anapokohoa, kuona kama miguu ya baba yake imejiandaa kusimama, na akiona bado iko palepale anaandika herufi nyingine, taratibu zaidi. Hakuwa akiogopa herufi.

Mstari ukafika mwisho. Mtu mmoja mlangoni alitazama saa, akauliza kwa heshima kama wanaweza kuanza, na Profesa, kwa mazoea ya miaka, akaweka kiganja gotini kutaka kuinuka. Binti yake akaufunika ukurasa haraka kwa mikono yote miwili.

"Sijamaliza," alisema.

Profesa alikuwa ameshaona kwamba amemaliza. Akarudi kukaa.